Waliomshonea Mama Viatu

Wenzangu, mmeniuliza kisimani, mmeniuliza baada ya ibada, na kila mmoja nimemjibu nusu. Sikukusudia kuwaficha. Ni habari ambayo ukiikata vipande inageuka nyingine, na tayari nimesikia vipande vyangu vikirudi kwangu vikiwa vimeota mikia. Basi nimekaa nikaandika yote. Shule niliiacha darasa la sita, na sababu mnaijua, kwa hiyo mkikuta kosa rekebisheni wenyewe mnaposoma.

Nyamigogo, uani kwetu

Siku ile watu wa Fabiani walipokuja kujitambulisha kwa ajili ya posa, mdogo wangu Skola alitaka kuvaa viatu vya mama. Ni vile vya ngozi nyeusi iliyogeuka kahawia, vyenye mkanda mmoja, kifungo cha pembe ya ng'ombe na kisigino kifupi cha mti. Mama alikuja navyo alipoolewa, akawa anavivaa Jumapili tu mpaka alipofariki. Mimi nilivihifadhi kwenye debe pamoja na majani ya mwarobaini ili mende wasivile.

Ukoo wetu mnaufahamu. Baba, mtu wa malori, alitangulia, mama akamfuata, nikabaki mimi na wadogo watatu. Watu wa baba walitoka Sengerema, wakazika, wakarudi kwao. Upande wa mama hakuja mtu. Mama alikuwa akisema tu kwamba ametoka Ngara na kwamba huko hakubaki mtu. Ukimuuliza zaidi alianza kusugua sufuria.

Mama Fabiani, ambaye jina lake ni Leokadia, alikuwa ameshika sahani ya chakula Skola alipopita mbele yake. Akaiweka sahani chini, kwenye vumbi. Akamshika Skola kifundo cha mguu kama mtu anayekamata kuku.

"Binti, hivi viatu ni vya nani?"

"Vya marehemu mama."

"Vua."

Skola akavua. Mama Fabiani akageuza kimoja na kupapasa chini ya kisigino, ambako kuna misumari mitatu ya mti iliyopangwa kama mafiga.

"Hivi ni viatu vya harusi vya dada yangu Verdiana," alisema. "Nilikuwepo! Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwepo. Mafundi walikuja uani kwetu kutoka Kirushya, mtu na mke wake, wakampima mguu kwa kamba ya mgomba, watu wote wakitazama. Vimeshonwa kwa mguu wake. Halafu ndoa ikamshinda, akatoroka alfajiri moja, na hatujamwona tena."

Mimi nikamwambia kwamba mama yetu aliitwa Anastazia.

"Mtu aliyetoroka ataacha kubadili jina?"

"Dada yako alikuwaje?"

"Mrefu."

"Kwa mtoto mdogo kila mtu ni mrefu," nikasema. Picha ya mama hatuna. Ile moja ililiwa na mchwa ikabaki fremu.

Lakini Mama Fabiani alikwisha kunikumbatia. Alikuwa akilia na kucheka na kuniita mwanangu, akisema wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akaletwa Biharamulo kwa shangazi yake, na maisha yake yote amekuwa akitazama nyuso za wanawake sokoni. Juu ya bega lake nilimwona baba yake Fabiani akisimama taratibu na kuvaa kofia.

"Kama ni hivyo," akasema, "hapa hakuna harusi. Watoto wa dada na mdogo wake ni ndugu. Huyu ni dada yake Fabiani."

Skola alikuwa amesimama peku katikati ya ua. Hakulia. Alimtazama Fabiani, na Fabiani akatazama chini.

Muelewe jambo lilivyokuwa, maana mengine yote yanatoka hapo. Likiwa kweli, sisi tuliokuwa hatuna mtu tumepata mama mdogo, tena mwenye mapenzi, na Skola amempoteza Fabiani. Likiwa si kweli, Skola ataolewa, na sisi tutabaki kama tulivyokuwa. Vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana. Na aliyejua ukweli, kama yupo bado, ni aliyevishona viatu.

Biharamulo hadi kizuizini

Nilikusudia kwenda peke yangu. Asubuhi nilimkuta Mama Fabiani amekaa kwenye gogo la kituo cha pikipiki, ana kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, na amevaa kitenge cha kwenda mjini.

"Ulidhani utamtafuta dada yangu bila mimi?"

"Siendi kumtafuta dada yako, Mama Fabiani. Naenda kumtafuta fundi."

"Ni njia moja. Panda."

Kutoka Biharamulo tulipata gari dogo la kwenda Benaco. Alianza kabla hatujakaa vizuri. Kila aliyeingia aliambiwa kwamba mimi ni mtoto wa dada yake aliyepotea. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa amepakata jogoo, alitutazama kwa zamu, akamtazama na jogoo wake kama anamwomba ushauri.

"Pua ni moja," akasema.

"Pua yangu ni ya baba yangu," nikasema.

"Huyu anabisha kama Verdiana!" akafurahi Mama Fabiani, na watu wote wakacheka. Nilichukua kiazi nikala ili nisijibu.

Mbele ya Lusahunga gari likaanza kunuka, kisha likasimama. Dereva alifungua mbele, akatazama, akafunga, akaenda kukaa kivulini. Tukauliza tatizo ni nini. Akasema tatizo linapoa. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Malori ya kwenda Rwanda yalipita yakitumwagia vumbi. Mama Fabiani aligawa karanga zote kwa abiria, na mimi alinipa mbili mbili zilizokwisha menywa, kana kwamba sina meno. Nilizila. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu alinimenyea kitu.

Gari likapoa, tukaondoka, na jioni ikikaribia tukafika kwenye kizuizi. Askari alipanda akawa anauliza watu mmoja mmoja. Kule mpakani ndiyo kazi yao, na kwa kawaida haichukui muda. Akafika kwangu.

"Kwenu wapi?"

"Nyamigogo."

"Baba?"

"Marehemu. Mtu wa Sengerema."

"Mama?"

"Marehemu pia. Mtu wa Ngara."

"Ngara ni kubwa. Kijiji?"

"Sijui, afande."

"Babu yako mzaa mama anaitwa nani?"

"Sijui."

Akanitazama vizuri sasa. "Mtu mzima hajui babu yake? Hebu shuka."

Nikashuka na mfuko wangu wa viatu. Akaniuliza kilichomo. Nikamwonyesha. Akaniuliza kwa nini mtu anasafiri na viatu vya bibi kizee ilhali amevaa kandambili. Nikaanza kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo hata mimi nilivyoona habari yenyewe inafanana na uongo. Abiria wote walichungulia dirishani. Hata jogoo alichungulia. Dereva akawasha injini, nami niliona kabisa gari likiondoka na mimi nikibaki pale nisiye wa mtu.

Ndipo Mama Fabiani akashuka, kinyumenyume, kwa shida, amekamata kikapu.

"Afande, shikamoo hiyo sikupi maana wewe ni mwanangu. Na huyo uliyemsimamisha juani ni mwanangu pia. Mama yake na mimi tumezaliwa tumbo moja."

"Wewe babu yake unamjua?"

"Nisimjue baba yangu?" Akamtaja. Akamtaja na baba yake, na wa juu yake, na kilima walikozikwa, na mto unaopita chini ya kilima, na nani alikuwa jirani.

"Mbona mwenyewe hajui?"

"Yatima atajulia wapi? Wenzake wakisimuliwa hadithi yeye alikuwa anapikia wadogo zake uji."

Askari akanirudishia mfuko. "Wafundisheni watoto wenu majina ya babu zao, mama," akasema, bila ubaya.

Garini Mama Fabiani alinifundisha yale majina. Nilimrudishia moja baada ya jingine mpaka akaridhika. Sikuwahi kuwa na majina ya namna ile mdomoni. Niliyarudia kimoyomoyo mpaka Benaco, na njiani kote nilijua kwamba ninajifunza majina ambayo naenda kuhakikisha kuwa si yangu.

Benaco

Benaco ni malori, nyama ya kuchoma na watu wanaongoja watu wengine. Tulilala kwa binamu wa mtu fulani aliyekuwa kwenye gari, mama mmoja mkarimu aliyetupa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, akakataa kabisa tuoshe vyombo.

Asubuhi tulikwenda kwa mafundi viatu sokoni. Wa kwanza alicheka. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mcheshi, na amezungukwa na raba zilizopasuka. Nilimpa kiatu kimoja, nikageuka kumtafutia Mama Fabiani mahali pa kukaa. Nilipogeuka tena alikuwa amekibana kiatu katikati ya magoti na koleo limeingia ndani.

"Unafanya nini!"

"Si mmeleta kutengeneza?"

"Sijasema kutengeneza!"

"Dada, mtu akimpa fundi kiatu anataka nini, akibariki?"

Nilimnyang'anya. Alikuwa amekwisha nyanyua ukingo wa ngozi ya ndani, pale kisigino kinapokanyaga. Akanionyesha kwa ncha ya koleo, sasa kwa heshima kidogo.

"Tazama. Chini ya hii kuna nyingine. Na chini yake nyingine. Nani aliweka ngozi zote hizi? Kiatu chenye ngozi ndani namna hii ni godoro."

"Umewahi kuona kazi ya hivi?"

"Sijaona. Lakini misumari hii mitatu nimeisikia. Mzee aliyenifundisha kazi alisema ni alama ya fundi mmoja wa Kirushya. Bwana alikufa. Mke wake nadhani yupo, yule ndiye aliyekuwa akishona, bwana alikata tu na kugonga." Kisha akaongeza, "Muulizeni yeye hizi ngozi ni za nini. Mimi ningezitoa zote."

Tulipokuwa tunakunywa chai Mama Fabiani akasema, bila kunitazama:

"Tungeweza kurudi."

"Kutoka hapa?"

"Tuseme tumefika, fundi amekufa. Nusu ni kweli."

"Na Skola?"

"Skola ni mzuri, ataposwa na watu wengine. Fabiani ni mwanamume, atasahau. Mimi dada mwingine nitamtoa wapi?"

Ningependa kuwaambieni kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliwaza nyumba yake, ile yenye bati jipya, na wadogo zangu wawili wa mwisho wakienda huko likizo kama watoto wengine wanavyokwenda kwa mama zao wadogo. Niliwaza hayo mpaka chai ikapoa. Kisha nikasimama nikachukua mfuko.

"Gari la Ngara linaita watu," nikasema.

Ngara hadi Kirushya

Mvua ilitukuta Ngara mjini na haikutuacha. Pikipiki mbili zilikubali kutupandisha, moja ikateleza kabla ya nusu ya njia, tukaona heri tutembee. Kule ni vilima juu ya vilima, migomba mpaka kileleni, na chini yake maharage. Tulitembea tumejifunika majani ya mgomba. Niliviweka viatu tumboni, ndani ya kitenge.

Kila tuliyemsalimia alituelekeza kwa fundi. Tatizo lilikuwa kwamba walituelekeza kwa fundi tofauti tofauti. Mmoja alitupeleka kwa fundi baiskeli. Mwingine, mama aliyekuwa anapalilia, alipomwona Mama Fabiani na kitenge chake cha mjini na mimi nimeshika tumbo kwa mikono miwili, akatupeleka moja kwa moja kwa mkunga.

"Miezi mingapi?" mkunga akaniuliza mlangoni.

Nikatoa kiatu.

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Hata Mama Fabiani alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Benaco. Mkunga alitukausha kwa moto, akatupa ndizi za kupika zenye maharage, moto moto, na alipokitazama kile kiatu kwa makini akaacha kucheka.

"Mwamfuata Bibi Tereza," akasema. "Nyumba ya juu kabisa. Yu hai. Lakini msimpigie kelele, masikio mazuri, macho ndiyo yameingia ukungu."

Kwa Bibi Tereza

Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, bibi mdogo mwenye mikono mikubwa. Mkwewe alikuwa anapepeta maharage kando yake. Tukapiga magoti, tukasema shikamoo, akasema marahaba, akauliza tumetoka wapi katika mvua. Nikamwekea viatu mapajani.

Akavipapasa. Kifungo, mkanda, kisigino, misumari mitatu. Vidole vyake vilisimama hapo.

"Kumbe Jumapili imefika," akasema.

Nikamtazama mkwewe. Naye hakuelewa.

"Alisema atavirudisha Jumapili," Bibi Tereza akaendelea. "Nikangoja. Mume wangu akasema, Tereza, wameondoka na lori hao, sahau. Nikasema mtoto yule ana adabu, atarudisha. Mnaona?"

"Bibi, virudishwe vipi?" nikauliza. "Si mliwashonea?"

Akacheka bila sauti. Akamwambia mkwewe aende akatazame mbuzi. Mkwewe akasema mbuzi wapo. Akamwambia akawatazame hivyo hivyo. Alipokwenda, bibi akatuinamia.

"Viatu vya harusi vya vilima hivi vyote vilikuwa jozi moja. Hii. Nani alikuwa na ngozi ya kushonea kila binti? Tulishona jozi moja, kubwa, kazi ya kufa na kupona, halafu tukaazimisha."

"Lakini mlipima!" akasema Mama Fabiani. "Nilikuwepo mimi! Mlimpima uani mbele ya watu!"

"Ndiyo. Lazima mbele ya watu. Watu wa mume wasije wakamsimanga binti wa watu kwamba ameingia kwao na viatu vya kuazima. Mume wangu alikuwa anapima kwa sauti kubwa, anakata kamba, anatia fundo. Aliyejua ni bibi harusi na mama yake tu. Jumapili baada ya harusi vinarudi gizagiza ndani ya kikapu cha maharage."

"Na wanaume hawakutambua?" nikauliza. "Viatu vile vile?"

"Mjukuu wangu, umewahi kumwona mwanamume anayetazama viatu vya bibi harusi?"

Sikucheka, maana nilikuwa nimeshaona mahali tulipofika. Viatu kutambuliwa hakukuwa na maana tena. Mabibi harusi wengi walipita humo. Nikamuuliza yule wa Jumapili alikuwa nani.

"Anastazia. Aliletwa na bibi yake, maana wazazi hakuwa nao. Akaolewa na kijana wa malori, mwaka ule wakimbizi walipojaa Benaco."

"Na Verdiana?" Mama Fabiani akamtaja baba yake.

"Huyo ni wa zamani kidogo. Mguu mfupi, mpana. Alilia siku ya kupimwa."

"Bibi, umri umekwenda. Unaweza kuwachanganya. Labda ni mtu mmoja, ameolewa mara ya pili, amejiita Anastazia."

Bibi Tereza hakuudhika. Aliingiza kidole ndani ya kiatu mpaka pale koleo la Benaco lilipofungua. "Uso naweza kuchanganya," akasema. "Lakini kila mguu una ngozi yake humu. Tulikuwa tunamkatia kila mmoja ngozi nyembamba ya kipimo chake, tunaiweka juu ya ile ya mwenzake, mpaka kiatu kinamkaa. Mguu ukiwa mkubwa, tunapunguza za chini. Nipeni kisu."

Kisu kilikuwa kwenye ungo wa maharage. Nilipokinyanyua, Mama Fabiani aliweka kiganja juu ya kiatu.

"Mwanangu, acha."

"Mama Fabiani."

"Nakuomba. Kizuizini nilisema nini? Wewe ulikubali. Ulikaa kimya ukakubali."

"Nilikubali."

"Basi kubali tena. Nitawalea. Wewe utapumzika, mtoto. Umewahi kupumzika?"

Hapo ndipo nilipokaribia. Mnisamehe, lakini hapo ndipo. Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Bibi Tereza alingoja, uso wake umeelekea kwenye mvua.

"Nikikubali," nikasema mwishowe, "kila kitu utakachonimenyea nitakuwa nakula cha Skola."

Hakuondoa mkono upesi. Aliuondoa kidole kwa kidole.

Bibi alikata nyuzi kwa kupapasa. Ngozi ya juu ikatoka, nyeusi kwa jasho la Jumapili nyingi. Alama za vidole zilikuwa zimezama humo, na kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba. Huo ni mguu wa mama. Nimeuosha mguu huo alipokuwa mgonjwa. Mwembamba, mrefu, na kile kidole kilichomfanya ashindwe kuvaa ndala.

Ya pili bibi aliipapasa akaiweka kando, akasema huyo ni wa Kabanga. Ya tatu aliishika muda mrefu kabla ya kuinyoosha mbele.

Ilikuwa fupi na pana. Niliipandanisha na ya mama. Zilipishana kwa upana wa vidole viwili, na hata kipofu angejua ni watu wawili.

Mama Fabiani alivua kandambili. Akaiweka ile ngozi juu ya sakafu, akaikanyagia mguu wake taratibu. Kisigino kikakaa kwenye kisigino, vidole vikakaa kwenye vidole. Aliusimamisha mguu pale, akautazama.

"Alivirudisha lini?" akauliza baadaye.

"Huyo alichelewa sana. Alivileta mwenyewe alfajiri, akiwa peku. Akanipa mkononi, akateremka kuelekea mtoni."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa na haraka," akasema Bibi Tereza.

Mimi niliuliza habari za bibi yake mama. Alikufa zamani. Bibi Tereza alinionyesha kilima kwa kidevu, akasema shamba lina watu wengine sasa. Nilikitazama. Migomba kama migomba mingine.

Viatu tuliviacha. Vilikuwa vyake. Mama Fabiani aliomba ile ngozi fupi, akapewa, akaikunja ndani ya leso.

Kurudi

Kuhusu kurudi sina mengi. Hatukuharibikiwa na gari. Kikapu kilikuwa kitupu. Mwanamke mmoja aliyepandia Nyakahura alituuliza, "Mama na binti, mnatoka wapi?" Nikangoja nisikie atajibu nini.

"Tulikwenda kuulizia viatu," akasema Mama Fabiani, akageukia dirisha.

Nyamigogo walikuwa wanatungoja uani kwa akina Fabiani: baba yake Fabiani, Fabiani mwenyewe, Skola pamoja na wadogo wangu, na wengine wenu mlikuwapo. Fabiani alikuja mpaka barabarani. Hakunisalimia hata mimi.

"Mama, ni dada yangu?"

Mama yake alishusha kikapu. Nilikuwa karibu, niliona jinsi alivyovuta pumzi. Hata wakati ule angeweza kusema neno jingine, na sijui ningefanya nini.

"Si dada yako," akasema. "Oa."

Mkapiga vigelegele. Skola alinirukia shingoni nusura aniangushe, anacheka na kulia, na mimi nilicheka pia, maana ndicho nilichokwenda kukitafuta. Mama Fabiani alipita katikati yenu na leso yake mkononi, akaingia ndani, akafunga mlango. Wengi hamkuona. Chakula kilipoiva alisema ameshiba.

Harusi ni baada ya kuvuna maharage. Mtakuja wote, najua. Ninachowaomba ni kimoja, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kusimulia: msimuulize Mama Fabiani habari za dada yake, wala kwa utani. Tena msishangae mkiniona nimeketi upande wa bwana harusi. Skola ana wa kumzunguka wengi. Nimeshamwambia kwamba siku hiyo nitakaa na mama mkwe wake, na amekubali.